Karani wa Programu na Daftari Lake

Programu ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya kwanza kuchapishwa ulimwenguni ilitoka ikiwa hashia ya makala ya mtu mwingine. Mwaka 1843 Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya mhandisi wa Kiitalia, Luigi Menabrea, juu ya mashine ya kuhesabu ambayo Charles Babbage aliibuni lakini hakujaaliwa kuijenga, na alipokwisha kutafsiri akaongeza hashia saba za kwake mwenyewe, alizozipa herufi A mpaka G, zikawa kwa urefu takriban mara tatu ya makala yenyewe. Katika hashia ya mwisho aliweka jedwali lililoonyesha, hatua baada ya hatua, namna mashine hiyo ingeweza kuzipata namba za Bernoulli. Na katika hashia ileile akaeleza kwa nini hatua hizo zilifuatana vile na si vinginevyo. Amri na sababu ya amri zilikaa katika waraka mmoja, na mwenye kuusoma hakuwa na haja ya kuutafuta mwingine.

Ujirani huo ulivunjika mara tu mashine zenyewe zilipojengwa. Kufikia katikati ya karne ya ishirini amri zilikuwa zimehamia kwenye utepe wa karatasi na kadi zilizotobolewa matundu, ambazo mashine ilizisoma kwa wepesi na binadamu kwa taabu. Sababu zilibaki katika madaftari na barua. Na orodha ya kazi zilizosalia, yaani hitilafu za kurekebishwa na ahadi za kutimizwa, aghalabu ilibaki kichwani mwa mtu, mahali ambapo mwenzake hakuweza kuifikia. Leo mwanaprogramu wa Nairobi au wa Dar es Salaam afunguapo kompyuta yake asubuhi hukuta miradi yake, kazi zake na maelezo yake yamekusanywa mahali pamoja, na yamkini hudhani kwamba neema hiyo ni uvumbuzi wa juzi. Historia yake ni ndefu kuliko anavyodhani, na katikati ya historia hiyo amesimama mtu ambaye waandishi wa fani hii humtaja kwa nadra sana, naye ni karani. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa karani ni nani: ndiye aliyeshika daftari la forodha na la duka, akajua shehena ipi imeingia, ipi imetoka na ipi ina kauli mbili, na tajiri aliyempuuza hakukawia kujua hasara yake.

Tuanze Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 mashine iliyoitwa EDSAC, iliyojengwa chini ya uongozi wa Maurice Wilkes, iliendesha programu yake ya kwanza, na haukupita muda mrefu kabla watumiaji wake hawajang'amua kwamba walikuwa wakiandika mambo yaleyale mara kwa mara na kukosea yaleyale mara kwa mara. Wilkes mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu za maisha yake jinsi ilivyomjia siku moja, akiwa ngazini, kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ingepotea katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Dawa waliyoipata ilikuwa maktaba. Kila kipande cha programu kilichothibitishwa kuwa sahihi, kama cha kugawanya, cha kutafuta logi au cha kuchapa namba katika safu, kilitobolewa kwenye utepe wake, kikapewa herufi ya fungu lake pamoja na namba, kikaandikiwa maelezo ya nafasi kinayotaka katika kumbukumbu ya mashine, kisha kikahifadhiwa. Kufikia mwaka 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vipande 87.

Katika kitabu ambacho Wilkes alikitoa mwaka huo pamoja na David Wheeler na Stanley Gill mna picha inayostahili kutazamwa kwa makini. Kushoto limesimama kabati la chuma, ambamo tepe za maktaba zimewekwa. Mbele ya mashine ya kutobolea ameketi mwanamke, anatayarisha utepe wa programu mpya. Na katikati kipo chombo cha kusomea, ambamo yeye aweza kupachika utepe alioutoa kabatini, ukanakiliwa wenyewe kwenye ule anaoutayarisha. Asili hurudi kabatini na nakala huenda kazini. Maelezo ya picha humtaja mwanamke huyo kwa kazi yake, si kwa jina lake, na hivyo ndivyo watakavyotajwa karibu wote walioifuata kazi hiyo.

Ng'ambo ya Atlantiki, miaka miwili kabla EDSAC haijaanza kazi, katika Chuo Kikuu cha Harvard, watumishi wa mashine ya Mark II walikuwa na daftari la zamu, na tarehe 9 Septemba 1947 walimkuta nondo amekwama ndani ya swichi, wakambandika kwa utepe wa gundi juu ya ukurasa na kuandika saa na mahali alipopatikana. Kisa hicho kimesimuliwa hata kimechosha, kwa sababu wenye lugha ya Kiingereza huiita hitilafu kwa jina la mdudu. Lakini kwa maudhui yetu jambo lenye thamani ni daftari, ambalo lingaliko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Lilisalia kwa kuwa lilikuwa mali ya mashine, na zamu ilipobadilika daftari halikwenda nyumbani na mtu.

Kabati moja la chuma liliwatosha watu wachache waliofanya kazi chini ya dari moja. Halikuweza kuwatosha watu wa IBM. Kampuni hiyo ilipotangaza tarehe 7 Aprili 1964 jamii mpya ya kompyuta iitwayo System/360, ilijitwika pamoja nayo ahadi ya mfumo endeshi mkubwa kuliko yote iliyotangulia, na uongozi wa kazi ya kuutunga ukamwangukia Frederick Brooks. Kwa makadirio yake mwenyewe, tangu 1963 hata 1966 kazi hiyo ilikula kiasi cha miaka 5000 ya kazi ya mtu mmoja, na ilipofikia kilele watu zaidi ya 1000 walikuwa wakiishughulikia. Mwaka 1975 alikusanya mafunzo yake katika kitabu, The Mythical Man-Month, na katika sura moja akaeleza habari za daftari la mradi, ambazo kwa rai yangu ndizo kurasa za maana kuliko zote zilizopata kuandikwa juu ya jambo hili.

Ilikatwa shauri kwamba nyaraka zote za mradi, tangu malengo na vipimo hata mapatano ya namna sehemu moja itakavyoonana na nyingine, pamoja na barua za ndani, ziwe matawi ya daftari moja lenye mpango uliofikiriwa mapema. Na kwamba kila mwanaprogramu awe na nakala kamili ofisini mwake, ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua. Kurasa zilikuwa za kuchomoa na kuchomeka, maadamu kila siku zingekuja nyingine. Haikutimia miezi sita kabla unene wa daftari haujafika kama futi tano. Palikuwa na nakala 100 katika ofisi zao ndani ya jengo la Time-Life, Manhattan, na lau zingalipangwa moja juu ya nyingine zingalisimama mnara wa futi 500. Kila siku zilishuka kurasa mpya zipatazo 150; na kila mtu, kabla hajaigusa kazi iliyomleta, alipaswa kuchomoa za jana na kuchomeka za leo, akiangalia kwamba ukurasa huu umeingia katika fungu lake na ule umetoka, mpaka ukarani ukawa unakula sehemu kubwa ya siku ya watu walioajiriwa kwa elimu nyingine kabisa.

Ndipo wakahamia kwenye maikrofishi, yaani vipande vya filamu ambavyo kimoja hubeba kurasa nyingi kwa herufi ndogo mno zisizosomeka bila chombo. Badiliko hilo liliokoa dola milioni moja, hata baada ya kununua chombo cha kusomea kwa kila ofisi. Daftari lililojaza rafu likawa la kutiwa katika kisanduku. Lakini Brooks, ambaye ni mkweli kuliko wengi walioandika juu ya kazi walizozisimamia, hakuishia kwenye faida. Alisema kwamba taabu ile ya kuchomoa na kuchomeka kurasa ilikuwa na heri yake, kwa kuwa iliwalazimisha watu kuyaona mabadiliko, na kuyaona mabadiliko ndiyo ilikuwa muradi wa daftari tangu mwanzo. Ilhali filamu mpya ilipofika mezani, mtu aliweza kuiweka mahali pake bila kuisoma. Tena, filamu haiandikwi kwa kalamu. Msomaji hawezi kupigia mstari, wala kutia alama ya kuuliza, wala kumwachia mwenziwe neno ukingoni. Waraka uliopitiwa kwa mkono, alisema, humfaa zaidi mwandishi wake na msomaji wake pia. Jambo la kwanza kati ya hayo mawili linawapata vilevile watu wa leo, ambao daftari lao hubadilika kila dakika na husasishwa lenyewe bila ya mtu kunyanyua kidole.

Si wote waliokubali kwamba kila mtu aone kila kitu. David Parnas, katika makala yake ya mwaka 1972 juu ya namna ya kuigawa mifumo katika sehemu, alitoa hoja kwamba kila sehemu iyafiche mambo yake ya ndani, na mtunzi wa sehemu nyingine ajulishwe tu yale anayoyahitaji ili kuonana nayo, kwani ajuaye mno ya jirani yake huishia kuyategemea, na jirani akibadilisha kitu nyumba mbili huanguka. Katika kitabu chake Brooks aliiona rai hiyo kuwa njia ya maangamizi. Miaka 20 baadaye, katika chapa mpya ya 1995, aliandika waziwazi kwamba Parnas alikuwa amepata na yeye amekosa. Mimi naona ushindi wa Parnas ulikuwa wa haki katika msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Katika sababu za msimbo, yaani kwa nini jambo liliamuliwa hivi na njia zipi zilijaribiwa zikaachwa, kufichana hakujamfaidia mtu, na huko Brooks wa 1975 angali na hoja.

Miaka michache baada ya daftari la futi tano kuwaelemea watu wa Manhattan, mwenzao ndani ya kampuni hiyohiyo, Harlan Mills, alifikiri njia nyingine. Badala ya kundi kubwa ambalo kila mmoja ni mwanaprogramu na kila mmoja ni karani wa nusu siku, alipendekeza kikosi kidogo kilichopangwa kama madaktari wa upasuaji: mmoja ndiye mwenye kisu, na waliobaki kila mtu ana amali yake ya kumsaidia. Miongoni mwao aliwekwa karani wa programu, mtu aliyefunzwa uhazili, mwenye dhamana juu ya kumbukumbu zote za kikosi, zile zinazosomwa na mashine na zile zinazosomwa na watu. Kila kitu kiendacho kwenye kompyuta kilipita mikononi mwake, akakiandika katika sijili. Na kila kilichotoka kilirudi kwake, akakitia katika jalada na kukiwekea faharasa. Matokeo ya mwisho ya kila jaribio yalikaa katika daftari la hali ya sasa, na yaliyotangulia yakawekwa katika ghala kwa tarehe zake.

Mpango huo ulitiwa katika vitendo kwa kazi ambayo nayo ilikuwa ya kumbukumbu. Gazeti la New York Times lilikuwa na hazina kubwa ya habari zilizokatwa kutoka magazetini na kuhifadhiwa kwa ajili ya waandishi, na IBM ikashika kazi ya kutunga mfumo wa kuzitafuta kwa kompyuta. Taarifa aliyoitoa F. Terry Baker wa IBM mwaka 1972 ilieleza kwamba kikosi kidogo kilitunga mistari zaidi ya 83,000 ya msimbo kwa muda wa miezi 22, kwa kazi ya miaka kama 11 ya mtu mmoja. Na mtu akilinganisha na ile miaka 5000, ijapokuwa kazi zenyewe hazilingani, haoni ajabu kwamba habari hizo zilisomwa kwa hamu kila mahali. Mwenendo wa siku ulikuwa hivi: mwanaprogramu huchukua jalada, husoma msimbo uliochapwa karatasini, huandika kwa kalamu palepale mabadiliko anayoyataka, kisha humkabidhi karani, karani huyatia mabadiliko katika mashine, hupeleka jaribio, hupokea karatasi mpya, huzipachika jaladani na kuziondoa za zamani kwenda ghalani. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba nakala yake ya mezani ndiyo mpya. Mpya ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwa karani.

Mills alikuwa na kusudi kubwa kuliko unadhifu wa rafu. Alitaka programu iache kuwa siri ya aliyeitunga, iwe kazi ya hadhara: kila jaribio, lililofaulu na lililoshindwa, lionekane na wenzake wote, na kila mstari uhesabiwe mali ya kikosi. Ni kusudi la kiadili kama lilivyo la kiufundi, kwa kuwa mtu anayeficha makosa yake katika mtoto wa meza humdhulumu atakayeirithi meza hiyo. Na amana hiyo yote ilitiwa mikononi mwa karani.

Kisha akatoweka. Hapana aliyemfukuza kwa kumchukia. Zilipoenea mashine zilizowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kibodi yake, mwanaprogramu hakuona tena sababu ya kumpa mtu mwingine maandishi ayatie, na mwenye kulipa mishahara akaona nafasi ya kupunguza mmoja. Kazi za karani ziligawanywa. Zile za mkono zilirithiwa na mashine yenyewe, na historia ya urithi huo inapita katika maabara za Bell, New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mwaka 1969 kutunga mfumo wa Unix juu ya kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa imekwisha kupitwa na wakati. Walipotaka mashine bora, waliipata kwa kuahidi mfumo wa kutayarisha hati, na mnamo 1971 wapiga chapa wa idara ya hataza wakawa miongoni mwa wateja wao wa kwanza. Hivyo mfumo ambao jamaa zake leo wanaendesha simu za mkononi na seva zisizo idadi ulipata riziki yake ya awali kwa kuwatumikia makarani.

Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na mpango wa kurasa zake unafaa kusifiwa. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuitumia, maelezo, na karibu na mwisho sehemu ya kutaja hitilafu zinazojulikana. Watunzi waliandika kasoro za kazi yao katika ukurasa uleule walioandika faida zake, na mtumiaji aliweza kuzisoma zote mbili mahali pamoja. Mwaka 1972, katika maabara hizohizo, Marc Rochkind alitunga programu ya kuhifadhi kila badiliko la msimbo pamoja na jina la aliyelifanya, wakati alipolifanya, na sababu yake. Ghala la karani, lenye matoleo yote kwa tarehe, likawa faili. Wengine waliuendeleza mwendo huo, mpaka Aprili 2005, Linus Torvalds alipoitunga programu ya Git kwa ajili ya watunzi wa mfumo endeshi wa Linux waliokuwa wamepoteza ruhusa ya bure ya chombo walichokitumia. Na kwa Git kila mtu akawa na ghala zima mezani mwake, historia yake yote tangu siku ya kwanza, jambo ambalo Brooks alilijaribu kwa karatasi likamshinda kwa uzito.

Alikuwako mtu mmoja ambaye mapema, kabla kazi hizi hazijagawanywa hivi, alitaka zote zikae mahali pamoja. Douglas Engelbart alikuwa fundi wa rada katika jeshi la majini la Marekani, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alijikuta Ufilipino, ambako katika maktaba ndogo ya Msalaba Mwekundu alisoma makala ya Vannevar Bush ya mwaka 1945 juu ya meza ya kuwazia ambayo mtu angehifadhi ndani yake vitabu, barua na maelezo yake yote na kuyaunganisha kwa njia alizozichora mwenyewe. Fikra hiyo haikumtoka. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mbele ya hadhira kubwa ya wataalamu, aliketi kwa muda wa kama saa moja na nusu akionyesha kile alichokijenga na wenzake katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Watu hukumbuka kipanya, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kuonekana hadharani. Mimi hukumbuka orodha. Engelbart aliandika juu ya kioo orodha ya vitu vya kununua sokoni, akaipanga kwa mafungu, akafunga fungu moja na kufungua jingine, kisha akaiweka katika ramani ya mahali pa kupita njiani kwenda nyumbani. Na alipokwisha akaonyesha kwamba taarifa zao, msimbo wao na mipango yao ilikaa katika muundo uleule na kutii amri zilezile. Walikuwa wakiutunga mfumo wao ndani ya mfumo wenyewe. Baadaye wakaongeza jarida la ndani, ambamo kila waraka uliotiwa ulipewa namba ya kudumu na haukubadilishwa tena, ili ye yote aweze kuutaja miaka mingi baadaye bila shaka ya kwamba ni uleule.

Mfumo wa Engelbart haukuenea. Ulikuwa mgumu kujifunza, ulitaka kompyuta kubwa, na yeye hakukubali kuurahisisha, kwa imani kwamba chombo cha akili kinastahili mazoezi kama kinavyostahili chombo cha muziki. Dunia ikafuata wepesi. Lakini ye yote anayepanga leo kazi zake kwa vichwa vinavyofunguka na kujifunga anatembea katika shamba lililolimwa na mtu huyo.

Wako walioshika ukarani wao wenyewe kwa nidhamu. Edsger Dijkstra wa Uholanzi aliandika, nyingi kwa kalamu ya wino, nyaraka zaidi ya 1300, kila moja na namba yake, akazituma nakala kwa wenzake, ambao nao walizinakili kwa wengine. Na alipofariki mwaka 2002 hapakuwa na shaka juu ya alichokifikiri. Donald Knuth, katika miaka aliyoitunga programu ya TeX ya kupanga chapa za vitabu, aliandika katika sijili kila kosa alilolipata, akayagawa makosa hayo katika mafungu 15 yenye herufi zake: fungu la hesabu iliyokosewa, la jambo lililosahauliwa, la kidole kilichoteleza, na moja la upuuzi mtupu ambao mwenye akili hakupaswa kuufanya. Mwaka 1989 akaichapisha sijili nzima. Sijui tendo la uungwana lililo kubwa kuliko hilo katika fani hii. Na mwaka 2003 mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Carsten Dominik, alipochoka kutawanya maelezo ya utafiti wake, alitunga ndani ya Emacs, kihariri kilichozaliwa MIT mwaka 1976, zana iitwayo Org, ambamo miradi, kazi zenye tarehe na maelezo marefu hukaa katika faili moja ya maandishi matupu yanayosomeka hata bila ya programu yenyewe. Wanaoitumia huipenda kwa mapenzi ya dhati, na nadhani ni kwa sababu hiyo ya mwisho.

Yaliyobaki yanajulikana. Tarehe 25 Machi 1995 Ward Cunningham alifungua tovuti ya kwanza ya aina iitwayo wiki, ili wanaprogramu waweze kuhariri kurasa za pamoja bila kuomba ruhusa. Kampuni ya Netscape ikatoa Bugzilla mwaka 1998, sijili ya hitilafu iliyo wazi kwa umma. GitHub, huduma ya kuhifadhia miradi ya Git, ikafunguliwa kwa wote mwaka 2008, mwaka uleule ambao vijana wa Kenya walianzisha jukwaa la Ushahidi, ambalo msimbo wake unakaa humo kwa kila mtu kuusoma. Baada ya hapo zimekuja huduma nyingi zinazoahidi kuweka miradi, kazi na maelezo chini ya paa moja, na nyingi ni nzuri.

Hata hivyo, mafungu ya kazi ya karani hayakurithiwa yote. Mashine imechukua kunakili, kupanga kwa tarehe, kutafuta na kuhifadhi, na inazifanya kazi hizo kwa uaminifu usio na mfano. Lakini karani mwema alifanya na jingine: alijua waraka upi umekufa. Alipoona maelezo mawili yanapingana alikwenda kwa wenyewe akawauliza lipi ni la kweli, akaondoa jingine. Alipoona kazi imekaa katika orodha miezi mitatu aliuliza kama ingali inatakiwa. Kazi hiyo haina mrithi. Katika mahali pa kazi pengi leo mna daftari moja zuri, lenye rangi na faharasa, na nusu ya kurasa zake zinaeleza mfumo uliokwisha kubadilishwa. Mgeni aajiriwapo huzisoma zote kwa bidii, na baada ya wiki mbili huambiwa asizisadiki. Kuhama kwenda huduma mpya hakuponyi maradhi hayo, kwa maana uozo huhama pamoja na maelezo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wale wanaoongoza vikosi vya wanaprogramu katika miji yetu, na kwa walimu wanaowafunza vijana wa vyuo. Mnapopanga miezi ya kazi na watu wa kuifanya, msidhani kwamba daftari litajitunza kwa kuwa limo ndani ya kompyuta. Mtajeni kwa jina mtu mwenye dhamana nalo, awe ni kwa zamu au kwa kudumu. Mpeni saa katika wiki ambazo hatadaiwa msimbo. Mpeni mamlaka ya kufuta. Na mwisho wa mwezi mlipeni kwa kazi hiyo kama mnavyomlipa kwa nyingine.